Mafundo Nane na Robo Kutoka Amsterdam

Mume wangu hajawahi kupanda ndege hata siku moja, na akipanda ngazi ya kupaka chokaa ukutani hushikwa na kizunguzungu. Lakini ukifika hapa kwetu Mwika ukauliza kutoka uwanja wetu wa ndege wa KIA mpaka Dar es Salaam ni mbali kiasi gani kwa angani, hata mtoto wa chekechea atakuambia nenda kwa Mwalimu Eliufoo. Naye atakujibu kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Dar es Salaam kilomita mia nne na hamsini, saa moja hewani. Nairobi kilomita mia mbili thelathini na tano, dakika arobaini na tano. Amsterdam kilomita elfu sita na mia tisa, saa nane na robo. Ukimuuliza ufunguo wa stoo ameuweka wapi, hajui.

Alifundisha jiografia miaka thelathini. Alipostaafu, shule ilitaka kutupa tufe la dunia kwa sababu panya walikuwa wamekula Greenland yote na kipande cha Kanada, yeye akalibeba kichwani mpaka nyumbani. Tufe likakaa juu ya kabati langu la vyombo, na mpaka leo lipo, vyombo vikahamia chini ya kitanda. Kisha akaniomba uzi wa sufu nyekundu, ule uliobaki nilipomfumia binti yetu sweta, akaufunga mafundo. Kila fundo ni saa moja ya ndege. Unashika ncha moja ya uzi kwenye mji unaotoka, unauvuta mpaka mji unaokwenda, unahesabu mafundo. Basi, hiyo ndiyo ilikuwa mitambo yake.

Msicheke. Miaka ile watoto wa huku mlimani walikuwa wameanza kutawanyika duniani, na barua zao zilikuwa za ajabu. Mtoto anaandika, "Nitaondoka Toronto Ijumaa saa mbili usiku," halafu anawasalimia ng'ombe na mbuzi wote kwa majina, na saa ya kufika haandiki. Sasa mzazi atajuaje aende uwanjani lini? Na mbege je? Mbege ni pombe yetu ya ndizi na ulezi, nayo haimsubiri mtu: leo tamu, kesho siki. Kwa hiyo watu walikuja kwa Mwalimu, anavuta uzi, anataja saa, na mama wa mtoto anajua siku gani achanganye ulezi. Hakuwa anakosea. Alikosea mara moja tu, na alimkosea mtoto wake mwenyewe.

Ilikuwa mwaka 1986. Priska, binti yetu wa pekee, alipata nafasi ya kwenda kusomea ukunga Uholanzi. Siku moja kabla ya safari nilishuka naye Moshi mjini tukalala kwa dada yangu. Baba yake akabaki kukamua, akasema atatukuta uwanjani asubuhi. "Msiwe na wasiwasi," akasema, "nimepima." Na kweli alikuwa amepima. Alichukua ramani ya mkoa na rula, akapiga mstari kutoka Mwika mpaka KIA, akapata kilomita hamsini na tano, akatoka nyumbani kwa hesabu hiyo. Jamani, hiyo ni njia ya kunguru! Barabara ya kwetu inashuka ikizunguka kila mgomba, inapita Himo, inapita Moshi, na gari alilopanda lilisimama Kiboriloni kupakia kuku. Alipofika uwanjani ndege ilikuwa imeshanyanyuka. Aliona mkia tu.

Mtu yule hakula siku mbili. Siku ya tatu akamwandikia Priska barua, nami niliisoma kabla hajaifunga: "Mwanangu, siku utakayorudi, uso wa kwanza utakaouona ukitoka mlangoni utakuwa wangu. Naapa." Sisi Walutheri hatupendi watu wa kuapaapa, lakini aliapa, akabandika stempu, akaposti. Toka hapo kila Jumapili tukitoka kanisani alikuwa akilishusha tufe na kupima Amsterdam, kama mtu anayepiga simu. Nane na robo, miaka saba mfululizo. Hata mimi nisiyejua jiografia niliijua ile nane na robo kuliko namba ya sanduku letu la posta.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Mwezi wa kumi mwaka 1993 nililifua koti lake. Najua mtaniuliza kwa nini sikuangalia mifukoni. Niliangalia. Koti lile lina mifuko mitano na mimi niliangalia minne, kwa sababu lilikuwa linanuka ugoro na nilitaka kulimaliza upesi. Nikalitia kwenye maji yanayochemka na sabuni ya unga, nikalisuuza, nikalikamua, na uzi ukachomoza kwenye mfuko wa ndani. Ulikuwa umesinyaa, mafundo yamesogeleana yanatazamana. 

Nikauvuta, ukakataa. Nikaufunga kwenye nguzo ya kibanda na upande wa pili nikaning'iniza jiwe la kusagia, ukavutika kidogo, nilipolitoa jiwe ukarudi. Nikaupiga pasi. Mwisho nikaufunga kwenye shingo ya mwanambuzi nikamfukuza, nikidhani atauvuta taratibu. Mwanambuzi hakukimbia. Aligeuka akaanza kuutafuna, ikabidi nimpanue mdomo. Mume wangu alipokwenda kwenye kikao cha wazee wa kanisa nikalishusha tufe nikapima mwenyewe, Amsterdam mpaka kwetu. Mafundo kumi na nusu!

Ningemwambia. Tena mdomo niliufungua mara mbili. Lakini mtazameni mtu mwenyewe: kahawa imeshuka bei mpaka watu wanaing'oa, ng'ombe wake amekauka maziwa, pensheni ni jina tu. Kitu kilichobaki kinachowafanya watu wapande kilima kuja kumwita Mwalimu ni ule uzi. Nikaurudisha mfukoni kimyakimya, na Jumapili akilishusha tufe kupima Amsterdam nikawa nakimbilia jikoni nisisikie. Na kwa sababu dhamiri haina mahali pa kulala, nikaanza kumpikia. Leo mtori wa nyama, kesho kiburu cha ndizi na maharage, keshokutwa ndizi na samli. Miezi miwili nilikonda mimi, yeye akaongeza tundu jipya kwenye mkanda.

Barua ya Priska ikaja mwishoni mwa Novemba. "Baba na Mama, shikamooni. Nimemaliza masomo, narudi kufanya kazi nyumbani. Naondoka Amsterdam Jumanne tarehe 21 Desemba, saa nne usiku. Saa ya kufika siandiki, maana najua Baba atapima mwenyewe."

Nyumba ikajaa siku hiyohiyo. Alikuwepo jirani yetu Mzee Aristides na mke wake, ilikuwepo nusu nzima ya kwaya. Mwalimu akavaa miwani, akashusha tufe, akachomoa uzi. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la vikombe. "Saa nne usiku ya kwao ni saa sita usiku ya kwetu," akaeleza, watu wakatikisa vichwa. Akavuta uzi. "Saba... nane... tisa... kumi. Kumi na nusu." Akaifuta miwani. "Atafika Jumatano saa nne na nusu asubuhi."

"Mbali kweli," akasema Mzee Aristides.

"Desemba upepo wa angani unatoka huku kwenda kule," mume wangu akajibu. "Unaisukuma ndege kifuani." Akanitupia jicho. Mimi nikatazama dari, nikajisemea maskini mume wangu, ameona hesabu imekataa, sasa anausingizia upepo.

Wakapanga palepale. Kwaya na ndugu wote watapanda lori saa moja na nusu asubuhi na mbege yao, wawe uwanjani saa nne, nasi tutakaa mbele na dereva. Usiku ule sikupata usingizi. Mtoto angetua saa mbili na robo. Wakati kwaya iko Himo inaimba na kupiga makofi, mwanangu angekuwa anatoka peke yake mlangoni na masanduku yake, anatafuta uso wa baba yake, hauoni. Mara ya pili! Na safari hii kosa ni la sabuni yangu.

Kwa hiyo nikaenda kwa Elimringi. Huyu ni kijana wa jirani mwenye pikapu ya Peugeot, kila asubuhi hupeleka ndizi za watu soko la Kiboriloni. Nikamwambia, "Baba, Jumatano saa kumi na moja alfajiri nakuja na Mwalimu. Nitamwambia tunakwenda kuuza ndizi, lakini wewe Kiboriloni usisimame, nyoosha mpaka KIA. Na usimwambie mtu."

Elimringi akaanza kukohoa. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka. "Sawa, Mama Priska," akasema alipopata pumzi. "Siri yako iko salama." Nikamshauri anywe tangawizi.

Jumatano alfajiri nikaamka na uongo wangu nimeupanga vizuri, nikapapasa kitandani. Hakuna mtu. Nikatazama chooni, zizini, hayupo. Nimwite, majirani wataamka. Ruwa, Mungu wangu, nikasema, mambo gani haya! Nikajitwika mkungu wa ndizi niliokuwa nimeuandaa, nikateremka mbio mpaka barabarani nikamwambie Elimringi asubiri. Pikapu ilikuwa inaunguruma tayari. Na kwenye kiti cha mbele, amekaa wima na koti nililolifua, amefunga na tai, alikuwa mume wangu.

Tukatazamana.

"Baba Priska, unakwenda wapi saa hizi?"

"Himo," akasema. "Kumwangalia ndama mmoja."

"Na tai?"

Akaishika tai kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. "Ni ndama wa mchungaji," akasema. "Na wewe?"

"Kiboriloni. Kuuza ndizi."

"Na kitenge kipya cha Pasaka?"

"Soko la siku hizi limebadilika," nikamwambia, nikapanda.

Elimringi alikuwa ameinamia usukani, mabega yanatikisika. Nikadhani ni kile kikohozi.

Tukashuka mlima. Tukafika Himo, gari halikupunguza mwendo. "Ndama wako huyo amepita," nikamwambia.

"Labda bado amelala," akasema, anatazama mbele.

Tukafika Kiboriloni, akina mama wameshapanga mafungu yao ya ndizi na nyanya, gari likapita. "Ndizi zako hizo," akasema yeye.

"Bei ya leo sijaipenda."

"Hujauliza bei."

"Naiona kutoka hapa."

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Wahenga hao hawakutoka Mwika. Ya kwetu siku ile ilikuwa na kilomita themanini.

Tulifika KIA saa moja na robo. Elimringi akasema ana usingizi, akabaki kwenye gari akajifunika kofia usoni, na kofia ikawa inaruka kwa kicheko. Sisi tukaenda kukaa kwenye benchi karibu na mlango wanaotokea abiria. Alikuwepo askari mmoja tu mlangoni. Mume wangu hakuniuliza kwa nini sikubaki Kiboriloni, nami sikumuuliza kwa nini ndama wa mchungaji anafugwa uwanja wa ndege. Nikatoa mayai ya kuchemsha.

Saa mbili kasoro robo ukaja mvumo mkubwa, ndege ikashuka. Nikasimama. "Kaa," akasema mume wangu, anamenya yai. "Hiyo ni ya Nairobi. Kilomita mia mbili thelathini na tano. Imetoka kule saa moja." Alisema kwa uhakika ule wake wa darasani, nikakaa.

Lakini siri ilinishinda. Miezi miwili, jamani. Nikamwambia, "Baba Priska, nina jambo. Ule uzi nimeufua. Kwa maji ya moto. Umesinyaa. Mtoto hafiki saa nne na nusu, anafika saa mbili na robo, na ndiyo maana nimekuleta mapema. Nisamehe."

"Najua," akasema, akatia yai chumvi.

"Unajua nini?"

"Uzi ulikuwa unanukia sabuni. Nimefundisha watoto miaka thelathini, Mama Priska. Aliyekosa namjua anavyosimama."

Nikamgeukia. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ileile."

"Na hukuniambia! Umeniacha miezi miwili nakonda?"

"Sasa ningesema ya nini," akauliza, kwa upole kabisa, "na ulikuwa unanipikia mtori kila siku?"

Ala! Nikaliweka yai langu chini. "Kama ulijua uzi ni mbovu, mbona ukatangaza saa nne na nusu mbele ya watu?"

Hapo akaanza kukwepa macho, na kidogo kidogo yakamtoka yote. Kumbe uzi ule hakuwa anauamini tangu mwaka 1986. Toka siku alipouona ule mkia wa ndege, kila mtu akimletea barua alikuwa anateremka Moshi mjini kwa Nazlin, binti mmoja wa duka la tiketi, mwenye kitabu kinene chenye saa za ndege za dunia nzima. Nazlin anamsomea, yeye anarudi mlimani, anavaa miwani, anavuta uzi, anataja alichosomewa. Na watu wanashangilia.

"Na mikungu yangu ya ndizi iliyokuwa ikipotea?" nikauliza.

"Huwezi kwenda kwa mtu mikono mitupu."

"Miaka saba nimemnunia mke wa Aristides nikidhani yeye ndiye mwizi! Nimekaa naye benchi moja kanisani sijampa mkono!"

"Nilikuwa najiuliza mmekosana nini," akasema.

"Na saa nne na nusu?"

Akaligeuza yai mkononi. "Nazlin aliniambia saa mbili na robo," akasema mwishowe. "Nilitaka nije peke yangu. Wote wale wakija, kwaya itamzingira, mashangazi watamzingira, mimi nitabaki nyuma naona kitambaa chake tu. Wewe siku ile ulimwona akipanda. Ulimshika mkono. Mimi niliona mkia. Nikasema nimpate kidogo, saa mbili tu, kabla hawajamla."

"Na hao watu wakifika saa nne wakakuta umeshamtoa?"

"Huko kwenye hesabu nilikuwa bado sijafika."

Ningekuwa mtu mwema, hapo ningenyamaza nikamshika mkono, maana maneno yale yaliniingia. Sikunyamaza. Nilikuwa nimekonda, nimeupiga uzi pasi, nimempanua mbuzi mdomo, nimegombana na jirani asiye na hatia. Nikasimama, mikono kiunoni, nikahamia Kichagga kwa sababu Kiswahili kilikuwa kimeniishia. Naye akasimama, yai mkononi, akajibu. Nikamkumbusha bati la mwaka 1974. Akanikumbusha posa yangu ilivyocheleweshwa na wajomba zangu. Nikamwambia wajomba zangu walijua wanachokichelewesha! Tulikuwa tumeupa mlango mgongo, wote wawili, na askari alikuwa amesogea karibu asikie vizuri.

"Shikamoo, Baba. Shikamoo, Mama," ikasema sauti nyuma yetu.

"Marahaba, mwanangu," nikajibu bila kugeuka, "subiri kidogo, sijamaliza."

Halafu nikaisikia ile sauti mara ya pili, ndani ya kichwa changu. Mume wangu naye yai lilimdondoka.

Haikuwa ya Nairobi. Upepo wa Desemba, ule alioutungia watu, ulikuwa umeisukuma kwa nyuma badala ya kifuani, ikatua nusu saa kabla ya wakati. Na mwanangu alikuwa amesimama pale, mwanamke mzima, mnene kidogo wa mashavu, masanduku mawili miguuni, anatutazama huku ameziba mdomo asicheke. Nilimrukia, wee! Nikamshika uso, nikamshika mikono, nikamgeuza nyuma na mbele. Alisema alitusikia tangu anasubiri masanduku, watu wote wakiulizana ni ugomvi gani huo nje, yeye akawaambia ni wa kwao.

Baba yake hakusogea. Alikuwa amesimama na kiganja kitupu. "Ulipotoka mlangoni," akauliza taratibu, "uliona nini kwanza?"

Priska tangu utoto hajui kudanganya, sijui kamrithi nani. "Kisogo chako, Baba," akasema. "Lakini nilikitambua."

Mume wangu akalikalia sanduku moja. "Nimekuja mapema nimechelewa," akasema, na akawa mdogo machoni pangu kuliko nilivyowahi kumwona. Hasira yangu yote ikaisha palepale, ikabaki huruma. Tukakaa naye, tukamaliza mayai, tukamsimulia Priska yote, ya uzi na ya mbuzi na ya ndama wa mchungaji, akacheka mpaka akakaa chini sakafuni. Baba yake akajaribu kucheka pia. Hakuweza.

Saa nne ikafika tukasikia kwa mbali sauti nne zikiimba na ngoma inapigwa. Lori. Mume wangu akaruka juu. "Wakimkuta hapa, mimi kwisha," akasema. "Watauliza imekuwaje nimekosea saa mbili nzima. Na mkisema nimewadanganya, ndiyo mbaya zaidi."

Priska akafunga sweta lake vizuri, akayanyanyua masanduku. "Basi narudi ndani," akasema.

"Ndani wapi?"

"Nilikotoka. Kisha natoka tena."

Tukamtazama askari. Alikuwa amesikia kila kitu, hata ya wajomba zangu. Akasema sheria hairuhusu kabisa abiria aliyetoka kurudi, akatazama huku na huku, akafungua mlango. "Asimame hapa pembeni tu, asiende mbali," akasema. "Na mimi nataka kuona itaishaje."

Nilikuwa nafagia maganda ya mayai kwa mguu lori liliposimama. Wakamiminika, kwaya na sare zao, mashangazi na vigelegele, Mzee Aristides na ndoo ya mbege amefunika kwa jani la mgomba. "Mwalimu, tumewapitia nyumbani hampo! Mbona mmetutangulia?"

"Tulikuwa na ndizi za kuuza," akasema mume wangu.

"Na ndama," nikasema mimi. Nikamkumbatia mke wa Aristides kwa nguvu, mama wa watu akabaki ameduwaa.

Mzee Aristides akatazama uwanja mtupu. "Na ndege yenyewe iko wapi?"

"Imeshusha abiria, ikaondoka," mume wangu akamjibu. "Siku hizi hazikai." Na hilo lilikuwa kweli.

Kisha akasogea mbele ya wote, akasimama peke yake kwenye mlango. Akatazama saa yake. Ilipotimia saa nne na nusu kamili akainua mkono, askari akaufungua mlango, na Priska akatokea na masanduku yake. Watu wakapiga ukelele. Kwa dakika ileile! Nikamsikia mama mmoja wa kwaya akisema kwamba hata Wazungu wenyewe hawajui saa hivyo.

Nilingoja mume wangu anikonyeze. Nilikuwa nimejiandaa kucheka. Lakini nilipomtazama nikaona amevua kofia ameikumbatia kifuani, kama hakuwa ameketi naye saa mbili zilizopita akila mayai. Priska naye hakuwa anacheka tena. Aliipita kwaya, akawapita mashangazi waliokwisha kunyoosha mikono, akaja mpaka mbele yake. Akayaweka masanduku chini, akamwangalia usoni, akamwangalia sana, taratibu, paji, macho, ndevu, mpaka kidevu.

"Baba," akasema, "umewahi."

Mume wangu akalia kwa sauti, mbele ya kijiji kizima, na hakuna aliyemcheka. Nami nililia nikimshikilia Mzee Aristides mkono, mpaka nusu ya mbege ikamwagikia viatu vyake.